Ulinzi upo, pointi hazipo: kaunta, skrini au mzunguko wa watano?

Timu inayofungwa pointi 58 na bado ikapoteza mechi haina tatizo la ulinzi. Dakika 40 zikiisha 58 kwa 54, kazi ya kukaba imekwisha kufanywa. Deni liko upande wa pili, pale wachezaji walewale wanapokuwa na mpira mkononi. Anayefuatilia kikapu Kigoma au Tabora anaijua picha hii: vijana wana mapafu, wanakaba mtu kwa mtu hadi mpinzani anakosa pa kutupa pasi, halafu wakiupata mpira mmoja anadribo, wanne wanamtazama, na saa ikikaribia kuisha mtu anarusha kutoka kona akiwa amekabwa.

Tiba zinazopendekezwa mara nyingi ni tatu: kaunta ya haraka, skrini ya mpira (ile ya piki-endi-roli, mwenzako anasimama kumzibia njia mlinzi wako), na mzunguko wa watano nje (wote watano wanacheza mbali na goli na kupeana nafasi). Zote ni nzuri. Kila moja imebeba timu za kulipwa duniani, na kila moja ina mahali inapoivunja timu iliyoichukua bila kupima.

Kwanza daftari

Usichague kabla ya kuandika mechi nne. Mtu mmoja akae benchi na kalamu, ahesabu mitupo, fri-throo (mitupo ya bure baada ya faulo), ribaundi za kushambulia (mtupo wenu uliokoswa mkaudaka tena) na mipira iliyopotezwa. Idadi ya zamu za kushambulia hupatikana hivi: mitupo ya kawaida, jumlisha fri-throo mara 0.44, toa ribaundi za kushambulia, jumlisha mipira iliyopotezwa.

Tuseme timu yako imetupa mara 58, zikaingia 22, tatu kati ya hizo zikiwa za pointi tatu. Fri-throo 12, zimeingia 7. Ribaundi za kushambulia 9. Mipira iliyopotea 19. Pointi ni 54, na zamu ni 58 + 5.28 − 9 + 19, yaani 73 na ushee. Zamu 19 hazikufika hata kwenye mtupo. Zilizobaki ni 54, nazo zimeleta pointi 54, pointi moja kwa zamu. Ukishusha mipira inayopotea kutoka 19 hadi 13, umerudisha zamu sita, na kwa kipimo hichohicho ni pointi sita: 60 kwa 58, mechi imegeuka. Hapo hakuna aliyejifunza kupiga tatu.

Mtakwimu Mmarekani Dean Oliver aliyapa uzito mambo manne yanayoamua mechi: ubora wa mitupo 40 kwa mia, mipira inayopotea 25, ribaundi 20, fri-throo 15. Uzito huo ulitokana na NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani. Kwa timu za mikoani, mipira inayopotea istahili kupandishwa juu zaidi.

Ongeza safu mbili kwenye daftari. Moja iseme mpira mliupataje: kwa kuiba, kwa ribaundi, au baada ya kufungwa. Ya pili itenganishe mipira iliyopotea ikiwa hai (pasi iliyodakwa, dribo iliyonyang'anywa) na ile iliyokufa (mpira kutoka nje, kutembea nao, faulo ya kushambulia). Mpira uliokufa unakupa nafasi ya kurudi na kujipanga. Ulio hai unakwenda moja kwa moja golini kwako, na ulinzi wako mzuri hauna kazi hapo kwa sababu haujafika.

Vigezo

Kila mfumo hapa umepimwa kwa mambo matano: unavyochezwa, watu na mazoezi unayohitaji, unapoharibikia, ulinzi unapobaki mpira ukipotea, na timu unayoifaa. La nne ndilo lenye uzito. Timu inayoishi kwa ulinzi haiwezi kununua pointi nane za kushambulia kwa kufungwa kumi za kaunta.

KAUNTA YA HARAKA

Inavyochezwa. Aliyeshika ribaundi anageukia upande wa nje, kuelekea mstari wa pembeni. Katikati pamejaa mikono. Pasi ya kwanza inamkuta mpanga mchezo pembeni, usawa wa mstari wa fri-throo, mgongo wake ukiuelekea mstari wa nje ili aone kiwanja kizima. Wakimbiaji wawili wanapita kama mita moja kutoka mistari ya pembeni, mrefu wa kwanza anakwenda moja kwa moja golini, wa pili anafuata nyuma. Kuanzia ribaundi hadi mtupo ni sekunde 7 au 8. Sheria moja haivunjwi: ukifika mstari wa pointi tatu bila faida ya idadi, mbili kwa mmoja au tatu kwa wawili, simama na upange upya.

Watu na mazoezi. Haidai wapigaji wa mbali. Inadai benchi: wachezaji wanane unaowaamini, kwa sababu watano hawawezi kukimbia hivi robo zote nne. Wiki tatu zinatosha kuona mabadiliko. Zoezi kuu ni watatu kushambulia wawili kwenda, kisha wawili kushambulia mmoja kurudi, dakika 12, mara tatu kwa wiki. Maliza na leya-apu (mtupo wa karibu na ringi ukiwa mbioni) 50 kwa mwendo wa mechi, 25 kwa mkono wa kushoto, wakiwa tayari wamechoka.

Inapoharibika. Kosa la bei kubwa ni wakimbiaji kuondoka kabla mpira haujashikwa. Mpinzani anachukua ribaundi ya pili na kufunga bila kelele. La pili liko kwenye mbili kwa mmoja: washambuliaji wanakimbia wamekaribiana, mlinzi mmoja anawakaba wote. Achaneni mita nne hadi tano. Mwenye mpira aende kama mtu anayekwenda kufunga kweli, na mlinzi akihamisha mguu kumfuata, hapo ndipo pasi ya kudunda itoke. Ikitoka mapema, mlinzi anarudi tu kwa mwenzake. Ikichelewa, mnagongana na refa anaonyesha faulo ya kushambulia.

Halafu kuna jua. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi wakati saa yake ni moja na ya Dar es Salaam, hivyo jua huzama karibu saa moja jioni, na mechi ya saa kumi inachezwa kwenye joto kamili. Tabora mwezi Oktoba, kabla ya mvua, ni vilevile. Na kiwanja cha saruji chenye mchanga mwembamba juu hakisamehe anayesimama ghafla. Kifagiwe kabla ya kupasha misuli moto.

Ulinzi unabaki wapi. Kwa shida. Leya-apu ikikoswa kwa kasi ile, watatu wenu wako nyuma ya ubao. Aliyetoa pasi ya mwisho abaki mstari wa katikati, hata kama mashabiki wanampigia kelele aende.

Inamfaa nani. Timu ambayo daftari lake linaonyesha mipira mingi imetokana na kuiba na ribaundi. Phoenix Suns ya kocha Mike D'Antoni, mpanga mchezo Steve Nash akiwa usukani, ilishinda mechi 62 msimu wa 2004–05 kwa mchezo wa namna hii, kisha San Antonio Spurs wakaitoa 4–1 katika fainali ya kanda ya Magharibi ya NBA na kwenda kuchukua ubingwa.

SKRINI YA MPIRA

Inavyochezwa. Mrefu anakwenda kusimama kwenye njia ya mlinzi wa mwenye mpira. Miguu upana wa mabega, mikono kifuani, hatikisiki. Mwenye mpira anasubiri hadi amesimama kabisa, ndipo anapita karibu kiasi kwamba bega lake linagusa nyonga ya mwenzake. Akipita mbali, mlinzi anapenya katikati yao na skrini imekuwa mapambo. Mara tu mwenye mpira anapopita, mrefu anageuka huku anautazama mpira, mlinzi akiwa amebaki mgongoni kwake, na anazama golini. Wawili wanakaa kona, mmoja bega la upande wa pili, yaani pembeni, kati ya kona na juu ya kiwanja.

Hapo mwenye mpira anasoma. Mlinzi wake akipita chini ya skrini, atupe. Walinzi wote wawili wakimvamia, pasi fupi kwa anayezama. Wakibadilishana, mrefu wako amebaki na mfupi wao, mpe. Mlinzi wa kona akiingia kusaidia, mpira uende kona.

Watu na mazoezi. Unahitaji watu wawili wanaojuana na mmoja wa kona anayefunga akiachwa. Watatu tu. Wiki nne hadi sita: wawili kwa wawili kila siku dakika 15, kisha watatu kwa watatu ukiongeza kona. Mazoezi yasomwe kwa sauti. Mlinzi apewe agizo la siri, apite chini au avamie, na mwenye mpira ajibu alichokiona. Ukiwafundisha jibu moja, watalitoa hata swali likibadilika.

Kona ina vipimo vyake. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, mstari wa pointi tatu uko mita 6.75 kutoka chini ya katikati ya ringi, lakini kona ni mita 6.60, na nafasi kati ya mstari huo na mstari wa nje ni sentimita 90. Mchezaji asiyezoea anapokea mguu ukiwa nje, mpira umekufa. Viwanja vilivyochorwa kabla ya 2010 vina mstari wa zamani wa mita 6.25. Kijana anayefunga vizuri hapo akienda kwenye mstari wa sasa, mpira unagonga mbele ya ringi. Chukua futi kamba, hesabu mita 1.575 kutoka mstari wa mwisho kupata nukta ya katikati ya ringi, pima kutoka hapo, chora kwa chaki.

Inapoharibika. Mweka skrini akisogea wakati wa kugusana ni faulo ya kushambulia, na timu changa hupewa tatu au nne kwa mechi bila kuelewa kwa nini: mwenye mpira ndiye aliyeondoka mapema, mrefu akajaribu kumfuata. Tatizo la pili ni mpinzani kwenda zoni ya 2–3, kukaba maeneo badala ya watu, wawili mbele na watatu nyuma. Wengi hapo huacha skrini kabisa. Kumbe inafaa kuihamishia pembeni ili mlinzi mmoja wa mbele abaki na watu wawili wa kuchunga. La tatu halina dawa ya haraka. Mfumo wote umekaa kwenye mikono ya mtu mmoja. Akipata faulo ya tano na kutolewa, au akiamka na malaria siku ya mechi, mmebaki na wanne wanaotazamana kama zamani.

Ulinzi unabaki wapi. Pazuri, mradi pasi isidakwe. Mtu wa begani na mwenye mpira wako mbali na goli na wanaweza kurudi. Hatari ni pasi ya juu kutoka kwenye mtego wa walinzi wawili, kwani ikidakwa mbele ya mstari wa katikati, ni leya-apu ya bure.

Inamfaa nani. Timu yenye mpanga mchezo mmoja mwenye kichwa kilichotulia. John Stockton na Karl Malone waliifikisha Utah Jazz fainali za 1997 na 1998 kwa mchezo huu, na Chicago Bulls wakawafunga zote mbili. Stockton aliacha pasi za mabao 15,806, idadi ambayo NBA haijapata mwingine wa kuifikia.

MZUNGUKO WA WATANO NJE

Inavyochezwa. Mmoja juu, wawili mabegani, wawili kona, kila mmoja mita nne hadi tano kutoka kwa jirani. Chini ya goli hakuna mtu. Ukitoa pasi, kata kwenda golini. Nafasi ikibaki wazi, jirani anaijaza. Mlinzi akikaa kwenye njia ya pasi, geuka upite nyuma yake. Mwenzako akidribo kuja kwako, mpishe kwa kukata golini.

Watu na mazoezi. Hakuna nyota, hakuna urefu, ila wote watano wawe na uwezo wa kupokea, kupasi na kumaliza kwa leya-apu. Muda ndio bei yake: wiki nane kwa timu inayofanya mazoezi mara tatu kwa wiki, na wiki mbili za kwanza zitakuwa mbaya kuliko mlikotoka. Anza watano bila walinzi, dakika 10. Halafu wanne kwa wanne bila dribo hata moja, wa kwanza kufikisha mabao matano. Zoezi hilo linachosha na linaudhi, lakini ndilo linalomfundisha mtu kusogea kabla ya kuuomba mpira.

Inapoharibika. Pasi nane kuzunguka nje, mlinzi hata hajageuza kichwa. Mzunguko usio na tishio ni kuhesabu sekunde tu. Weka sheria ya sekunde mbili: ukipokea, ndani ya sekunde mbili utupe, uende, au utoe. Kosa la pili ni kukata kwa kutembea. Anayekata lazima afike chini ya ringi kwa mbio, hata kama anajua hatapewa, maana mlinzi anayemfuata ndiye anayemwachia nafasi mwenzake. Na watupaji wa nje wakiwa hawana siku, kateni zaidi. Houston Rockets mwaka 2018, mechi ya saba dhidi ya Golden State, waliongoza 54–43 mapumziko, wakakosa mitupo ya pointi tatu 27 mfululizo na kumaliza na 7 kati ya 44. Hao walikuwa ndani ya ukumbi, bila upepo wala jua machoni. Kiwanja cha nje cha Kigoma goli likiwa upande wa ziwa, anayetupa jioni anatazamana na jua linaloshukia Kongo. Kama kuna kura ya goli, uliza jua litakuwa wapi robo ya nne.

Ulinzi unabaki wapi. Pazuri kuliko yote mitatu. Kwa kuwa nafasi ya juu hujazwa kila inapoachwa, karibu kila mara kuna watu wawili wa kurudi. Gharama yake ni ribaundi za kushambulia, ambazo zitapungua.

Inamfaa nani. Timu ya marafiki waliokaa pamoja muda mrefu, shule na vyuo hasa. San Antonio Spurs waliichapa Miami Heat 4–1 katika fainali ya 2014 kwa pasi za aina hii, na kiini cha kikosi chao kilikuwa pamoja zaidi ya miaka kumi.

Na mrefu wetu je?

Kila mkoa una kijana wa mita mbili anayesubiriwa afunge. Mpira wa chini ya goli ni nyongeza nzuri, ila urefu haugeuki pointi wenyewe. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mita 2.21, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009, na bado alijulikana zaidi kwa kuzuia mitupo kuliko kufunga. Mpe mrefu wako mtupo mmoja wa uhakika wa bega la kulia na pasi moja ya kutoka, kisha mkumbushe kanuni ya sekunde tatu, asizidishe hapo akikaa eneo la chini ya goli wakati mnashambulia. Mengine yasubiri.

Kuchagua kwa hali yako

Kama zaidi ya nusu ya mipira mnaipata kwa kuiba na ribaundi, na benchi lina watu, anza na kaunta. Ila weka mtu wa nyuma kabla ya kumweka mtu wa mbele.

Kama mna mpanga mchezo anayepoteza mipira miwili au pungufu kwa mechi, chukua skrini, na mwandae msaidizi wake tangu wiki ya kwanza. Dakika sita za kila mechi ziwe za huyo wa pili.

Kama hakuna anayejitokeza, msimu uko mbali na mahudhurio ya mazoezi ni ya uhakika, mzunguko utalipa. Mahudhurio yakiwa ya kuokoteza, leo saba kesho kumi na moja, usiuguse.

Kama kocha unataka kuchanganya, mchanganyiko unaofanya kazi ni kaunta kwa sekunde nane za mwanzo, isipopatikana skrini. Kaunta na mzunguko vinagombania muda uleule wa mazoezi.

Kama mnasafiri, tuseme mnatoka Tabora kwa reli kupitia Kaliua na Uvinza na mechi ni siku inayofuata, punguzeni kaunta siku hiyo, miguu haitakuwepo. Detroit Pistons walipochukua ubingwa wa 2004 hawakukimbia sana. Walimzungusha Richard Hamilton kwenye skrini bila haraka, na kwenye mechi ya tatu ya fainali waliwabana Los Angeles Lakers kwa pointi 68.

Na kama ligi inaanza baada ya wiki mbili, usibadilishe mfumo. Fanyeni mawili: pasi za mikono miwili chini ya mlinzi anayebana, dakika 15 kila siku, na mpango mmoja wa kuingiza mpira kutoka pembeni. Daftari liendelee, safu ya mipira iliyopotea ikiwa hai ikiandikwa kwa kalamu nyekundu.